Mwalimu Mlezi na Barua ya Idhini

Kabla ya kufanya jambo lolote, Mwalimu Mlezi alitengeneza bango. Tukipanda miche kumi, kulikuwa na bango. Tukiokota chupa za plastiki kuzunguka shule, kulikuwa na bango, nalo lilitandazwa juu ya lundo la takataka ili lisomeke vizuri kwenye picha, halafu tukaokota zile chupa ambazo halikuzifunika. Siku moja lilichelewa kutoka mtaa wa Hai Jalaba lilikochapwa. Wanafunzi thelathini tulikaa kwenye kivuli cha ukuta, majembe mikononi, tangu asubuhi hadi saa nane mchana, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kugusa udongo kabla halijafika. Lilipofika, jua lilikuwa kali mno kupanda chochote. Tulipiga picha tukaenda zetu nyumbani. Ripoti ilisema siku hiyo ilifana.

Sijui alizaliwa wapi wala ni wa nani, na sikuwahi kumuuliza. Najua alikulia Kenya, kwa sababu kila sentensi yake ya tatu ilianza na "kule Kenya". Mimi nilikulia kambini Uganda, nikarudi Juba nikiwa na miaka kumi na mitano. Kiarabu chetu cha Juba kilikuwa kibovu, chake kuliko changu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Chake alikipata darasani. Changu nilikiokota sokoni, kisha nikakinyoosha peke yangu kwa vitabu vilivyochanika, na hadi leo nikiandika barua ya mistari mitatu naisoma mara saba nikihofia kuna mtu mahali fulani atanicheka.

Alikuwa mlezi wa klabu yetu katika shule ya sekondari ya Gurei, mtaa mmoja wa Juba. Zamani ilikuwa klabu ya mdahalo. Kisha ukatangazwa Mfuko, ambao ofisi yake ilikuwa Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege, na ambao ulitoa ruzuku ndogo kwa wanafunzi wanaokusanya historia ya mtaa wao au kutunza mazingira yake. Klabu ya mdahalo ilikufa Jumatatu. Jumanne ikafufuka ikiwa Klabu ya Historia na Mazingira, wanachama wale wale, kiti kile kile chenye miguu mitatu. Mimi nilikuwa katibu. Nilichaguliwa kwa sababu ndimi pekee niliyepiga mstari kwa rula chini ya vichwa vya habari.

Sharti kuu la Mfuko lilikuwa kwamba mradi uongozwe na wanafunzi wenyewe. Mwalimu Mlezi alilichukulia sharti hilo kwa uzito mkubwa, ndiyo maana alilitekeleza mwenyewe. Aliandika maombi yote. Aliandika hata sehemu iliyouliza, "Wanafunzi walifikiaje wazo hili?" Mgeni kutoka Mfuko alipokuja kutukagua, tulifanya mazoezi kwa wiki nzima ya jinsi ya kumwongoza.

"Skizeni," alisema. "Mimi nitakuwa naongea. Nikisema neno 'changamoto', Keji ananikatiza. Keji, unanikatiza kwa nguvu, kama kiongozi. Unasema, 'Samahani Mwalimu, hapo sisi wanafunzi tuliamua tofauti.'"

"Tuliamua nini?" Keji akauliza. Keji ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu, msichana mrefu mwenye kicheko cha kuku.

"Hiyo nitakuandikia."

Siku ilipofika, Mwalimu alimpokea mgeni langoni akamwambia pole kwa barabara, anajua barabara ya Gurei ni changamoto. Keji akajitokeza papo hapo. "Samahani Mwalimu, hapo sisi wanafunzi tuliamua tofauti!" Mgeni akageuka akamtazama, akaitazama barabara, akaandika kitu. Baadaye tulisifiwa kwa kujiamini.

Nisimfanye mwizi. Kila nikisimulia habari zake, watu wa Juba hungojea kwa hamu mahali ambapo fedha zinapotea, na mahali hapo hapapo. Hakuchukua hata msumari. Soda zilizobaki baada ya mkutano alizirudisha dukani kwa miguu, na mvua ikinyesha alitembea matopeni pekupeku, viatu vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, akavivaa langoni ili wanafunzi wamkute nadhifu. Mtu mwizi unaweza kumchukia ukamaliza. Huyu hakukupa nafasi hiyo. Alikuwa na imani, tena imani ya kweli, kwamba dunia ni fomu, na kwamba Mungu anamsaidia anayejaza visanduku vyote.

Miche, kwa mfano. Katika ombi letu la kwanza kiashiria kilikuwa idadi ya miche itakayopandwa. Hapakuwa na kisanduku cha miche itakayoishi. Kwa hiyo tulipanda mia moja na hakuna aliyepangiwa kumwagilia. Mbuzi wa jirani walikuja siku ya nne. Mimi nililia, sioni aibu kusema, kwa sababu nilikuwa nimeipanga ile mistari kwa kamba. Mwalimu alisimama pembeni yangu akatazama vijiti vilivyobaki, kisha akaniambia kwa upole wa baba, "Usilie. Tutaandika kwamba mifugo ya jamii pia ilinufaika." Nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku hiyo.

Lakini ni yeye pia aliyekuwa mtu wa kwanza kusoma kitu nilichoandika hadi mwisho. Nilimpa kurasa kumi kuhusu visima vya Gurei, na kesho yake alizirudisha zikiwa na alama ya kalamu kila mahali nilipobabaisha. Alizipata zote. Hakuna mwalimu mwingine aliyewahi kunikamata hivyo. Nilitembea wiki nzima nikijiona mtu. Ndiyo maana hadithi ya khor inanisumbua mpaka leo, kwa kuwa nilimtii mtu niliyemheshimu, na nilimtii kwa raha.

Khor ndivyo tunavyokiita kijito cha msimu. Hukauka miezi mingi, na mvua ikija hukumbuka njia yake. Ya kwetu ilipita Gurei zamani, kabla watu hawajarudi kutoka uhamishoni na kugawana viwanja. Siku hizi nyumba zimesimama juu yake. Kila mvua kubwa maji huingia katika nyumba za watu wasiojua wamejenga wapi, huchukua masufuria na magodoro, na mwaka mmoja yalibomoa ukuta wa vyoo vya shule. Sehemu ya juu ya khor, kutoka barabarani hadi kwenye pampu ya maji, bado ilionekana kama bonde dogo. Kuanzia kwenye pampu kwenda chini, hakuna mtu niliyemfahamu aliyejua imepita wapi, isipokuwa bibi mmoja.

Tulimwita Haboba, kama bibi wote wa Juba wanavyoitwa. Alikaanga karanga nje ya uzio wa shule na kuzifunga katika karatasi za madaftari yetu ya zamani. Alikuwa amechota maji katika ile khor tangu utotoni. Siku moja, akinifungia karanga, alisema bila kuulizwa kwamba waliosoma wote ni wajinga, wamelala juu ya kitanda cha maji na wanashangaa kulowa. Nikamuuliza maji yalipita wapi. "Ya biniya," alisema, na hivyo ndivyo alivyowaita wasichana wote, "siwezi kusema kwa mdomo. Nitakuonyesha kwa miguu. Njoo siku yoyote."

Nikapata wazo la kwanza maishani lililokuwa langu kabisa. Tutembee na Haboba kutoka pampu hadi mwisho wa khor, tumrekodi, tuchore ramani, kisha tusimike vigingi ili anayenunua kiwanja aone. Nililiandika kwenye karatasi nikampelekea Mwalimu Mlezi. Aliisoma akiwa amesimama. Akavua miwani.

"Binti yangu," alisema, "historia na mazingira ndani ya mradi mmoja. Unajua hii ni nini? Hii ni visanduku vyote."

Nilikuwa nimeambatanisha ramani ya sehemu ya juu, niliyojifunza kuchora kwa simu na karatasi ya vipimo, nikiifuta na kuirudia kwa wiki mbili. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni safi sana. Sasa hapo ndipo shida iko."

"Shida gani, Mwalimu?"

"Inakaa ya injinia. Mfuko watasema imechorwa na mtu mzima. Ichafue kidogo. Weka jua hapa kwenye kona. Jua lenye miale."

Nilikwenda kuichafua. Ilinichukua siku tatu, kwa sababu kila niliyoichafua haikuwa chafu vizuri. Ya kwanza ilionekana ya mlevi, ya pili ya mtoto wa chekechea. Ya tano ndiyo ilikuwa na uchafu wa mwanafunzi mwenye bidii. Baadaye nilisikia wameibandika ukutani Thongpiny, jua na miale yake.

Ombi likapelekwa, tukaanza kungoja. Hapa ndipo penyewe. Mfuko ulikuwa na kanuni kwamba kazi iliyofanyika kabla ya barua ya idhini haihesabiki. Nadhani aliyeiandika alikuwa anafikiria watu wanaonunua matofali mapema. Mwalimu Mlezi aliielewa kama amri ya kanisa. Kuanzia siku ile tulikatazwa kumuuliza Haboba jambo lolote linalohusu maji.

"Hata kumsalimia?" Keji aliuliza.

"Kumsalimia ni sawa. Lakini akianza kukumbuka, mnaondoka."

Tulicheka, ila yeye hakucheka. Akaeleza kwa subira kwamba Haboba akituambia sasa, habari hiyo itakuwa imekusanywa nje ya muda wa mradi, na tukimrekodi tena baadaye tutakuwa tunadanganya, na yeye hadanganyi. Mtu aliyepanga tumkatize kwa neno la siri hadanganyi. Lakini sikuliona hilo wakati ule. Niliona tu kwamba ana sababu iliyonyooka, nami napenda vitu vilivyonyooka.

Ikafika mwezi wa pili wa kungoja. Keji alinikuta darasani nikiandika orodha ya maswali ya kumuuliza Haboba. Nilikuwa na maswali arobaini na mawili na nilikuwa nayapanga upya.

"Wewe, mtoto ya Haboba inakuja kumchukua," alisema. Kiswahili cha Keji kilikuwa cha Koboko, mpakani Uganda, na hakikumwomba mtu radhi. "Anampeleka Uganda, macho yake iko mbaya. Jumapili."

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe! Si twende tu sasa hivi? Mimi iko na simu, inarekodi. Haboba iko pale nje, inakaanga karanga. Dakika kumi tu."

"Barua haijaja."

"Barua itatembea kwa khor?"

"Na maswali hayajakamilika," nikasema. "Na simu yako ina kelele za upepo."

Keji alinitazama. "Wewe na Mwalimu," alisema, "mama yenu ni moja."

Ningeweza kumsingizia Mwalimu Mlezi yote, na kwa miaka miwili nimefanya hivyo mbele za watu, nikichekesha. Lakini siku ile Mwalimu hakuwapo. Alikuwa ameenda Thongpiny kuulizia barua. Uzio ulikuwa hatua arobaini kutoka dirishani kwangu na nilisikia harufu ya karanga. Sikwenda, kwa sababu nilitaka kwenda vizuri. Nilitaka kinasa sauti ambacho kingenunuliwa kwa ruzuku, na maswali yaliyopangwa, na Haboba ameketi mahali penye mwanga. Jumapili ilipopita, Jumatatu nilikuta pale uzioni mawe matatu ya jiko lake na majivu.

Barua ya idhini ilifika baada ya wiki tano. Mwalimu aliiingiza katika karatasi ya nailoni na kuitembeza darasa kwa darasa. Nilipomkumbusha kwamba Haboba hayupo, alifungua ombi letu akatafuta sentensi ya kunijibu. Ilimchukua siku mbili kuipata.

"Tutabadilisha shughuli," alisema. "Tutafanya warsha ya kuwajengea wadau uwezo wa kukumbuka."

Ilifanyika. Wazee tisa walialikwa, na viti vya plastiki vilikodiwa. Kulikuwa na sala ya kufungua, utambulisho, malengo ya warsha, matarajio ya washiriki, kanuni za warsha, na mchezo wa kuchangamsha ambapo wazee waliombwa warushiane mpira wa karatasi. Mzee mmoja alimnong'oneza mwenzake akiuliza kama wanatafutwa wachezaji wa timu ya taifa. Kisha soda. Kisha orodha ya mahudhurio, ambayo ilichukua muda mrefu kwa sababu wazee wengine walitia dole gumba na wino ulikuwa umekauka. Kukumbuka kulipewa dakika kumi za mwisho. Mzee wa kwanza aliposimama, akasema, "Hiyo khor, kutoka kwenye pampu," mvua ikaanguka juu ya mabati kwa kishindo, na hatukusikia tena neno hata moja. Mdomo wake uliendelea kusema. Mwalimu Mlezi alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa makini na kuandika.

Nilisoma alichoandika. Ilikuwa: "Mshiriki alichangia."

Mwaka uliofuata tulisikia Haboba amefariki huko huko Uganda. Keji ndiye aliyeniambia, kwa simu, wala hakunikumbusha zile dakika kumi. Nilitamani anikumbushe.

Mwalimu Mlezi aliondoka shuleni muda si mrefu baadaye. Mfuko ulimchukua. Walimpa meza Thongpiny, kiyoyozi na kazi ya kupokea maombi ya wanafunzi wengine. Wanaomjua wanasema ni mkali lakini wa haki, hurudisha kila fomu yenye kisanduku kitupu, na huambatanisha ukurasa wa maelezo ya jinsi ya kukijaza. Naamini. Mimi nilipata kazi katika duka la kuchapa Hai Jalaba, nikiwaandikia watu maombi yao. Mabango pia tunachapa. Kwa muda wangu nilisimika vigingi vya khor kutoka barabarani hadi kwenye pampu, kwa miti ya kuni, bila kumwomba mtu. Hapo ndipo elimu yangu iliishia.

Mwezi uliopita aliingia dukani. Alikuwa amenenepa kidogo, na tai ile ile ya kijani aliyokuwa akiivaa shuleni. Alitaka kuwekewa karatasi fulani nailoni, na aliponitambua akafurahi kwelikweli, akaniuliza habari za nyumbani, akaniambia siku zote alijua nitafika mbali, wakati yeye ndiye aliyepita kaunta mbili kunifikia. Nikaichukua karatasi. Ilikuwa hati ya kiwanja. Gurei.

"Umenunua, Mwalimu?"

"Nimenunua. Mama na watoto wamechoka kupanga. Msingi umeshamwagwa." Akashusha sauti. "Binti yangu, ile ramani yako bado unayo? Ile nzuri. Si ile ya jua."

Nilikuwa nayo kwenye droo. Niliitandaza juu ya kaunta. Alifuata mstari wa buluu kwa kidole kutoka barabarani, polepole, hadi kwenye pampu, ambapo mstari unakwisha na karatasi inakuwa nyeupe. Kidole hakikusimama. Kiliendelea katika ule weupe, upana wa vidole vinne hivi, kikatua.

"Mimi niko hapa," alisema. "Sasa inapita wapi?"

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: furaha ya moto, kama mtu aliyelipiwa kisasi na jiografia. Ilikaa kifuani muda wa kutosha nikaionea haya. Kisha nikaona kidole chake bado kiko juu ya karatasi nyeupe niliyoiacha mimi, nikakumbuka kwamba watoto wake ndio watakaolala ndani ya ule weupe.

"Sijui, Mwalimu," nikasema. "Tuliambiwa tungoje. Tukangoja."

Hakusema "kule Kenya". Alikunja hati yake kabla sijaiweka nailoni, akaniomba Jumamosi twende wote tukakiangalie kiwanja.

Jumamosi asubuhi tulikutana Gurei kwenye pampu. Nilikuwa nimebeba ramani na kamba ya kupimia, yeye alibeba daftari jipya. Tulishuka hadi kwenye kiwanja chake. Msingi ulikuwa mzuri, wa zege safi, pembe zake zimenyooka kiasi kwamba ningezichora mimi. Jirani alikuwa mama mmoja muuza makaa, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akipanga makaa katika mafungu, wala hakuwa mzee. Mwalimu Mlezi alimwendea, akasimama wima, akakohoa.

"Mama, habari za asubuhi. Sisi tumekuja kwa lengo la kushirikisha jamii katika kubainisha..."

"Mama," nikamkatiza, "mvua ikinyesha, hapa maji yanapita wapi?"

Mama hakuacha kupanga makaa. Alibinua midomo kuelekea ule msingi nyuma yetu.

"Si hapo tu. Kila mwaka hapo hapo. Sasa iko mjinga moja amejenga juu yake, hakuuliza mtu. Sisi tunangoja tu mvua, tuone."

Mwalimu Mlezi alikuwa ameshafungua daftari. Aliandika jibu lake lote, hakuruka neno.